Saa Mia Moja Sabini na Moja za Usukani

Karani wa leseni alilamba kidole, akafunua ukurasa mwingine wa daftari, akashuka nao polepole kwa ncha ya kalamu kama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto. Upande wa pili wa kaunta alisimama mwanamke wa miaka arobaini na saba, kavaa gauni lake la kutokea, mkoba kaubana kwapani. Alikuwa amekaa kwenye benchi tangu ofisi ifunguliwe na hakuona taabu yoyote. Aliyekwisha kuvuka bahari nzima kwa mashua ya matanga hashindwi na benchi.

"Jina lako lipo," karani akasema.

"Lazima liwepo. Nilikuwemo."

"Lipo hapa mwanzoni, kwenye orodha ya watu. Nahodha mmoja, mabaharia wawili, abiria mmoja." Akainua macho. "Abiria ndiye wewe, mama."

Yule mama akacheka kidogo, akidhani ni mzaha wa kiofisi. "Soma vizuri, mwanangu. Mashua ile haikuwa na abiria. Tulikuwa wanne, na wote wanne tulishika usukani kwa zamu, siku ishirini na sita."

Karani hakucheka. Aligeuza daftari, akamsogezea. Ilikuwa nakala ya daftari la safari lenyewe, na mwandiko ule mama aliujua tangu mbali, herufi zimelala upande mmoja kama majani yaliyopigwa na mvua. Kila mstari ulikuwa na tarehe, saa, upepo, dira, na mwishoni jina la aliyeshika usukani. Akatafuta jina lake. Siku ya kwanza halikuwepo. Siku ya nne halikuwepo. Akafunua mpaka siku ya tisa, ile siku ya tisa ambayo hata akizeeka akasahau jina la mwanawe hataisahau, na pale palikuwa na jina la Mwalimu, mmoja wa wenzake wale watatu, likafuatwa na jina la Mwalimu, saa tano mfululizo.

"Jumla ya saa zako za usukani ni sufuri," karani alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja saa ya basi. "Cheti cha unahodha msaidizi kinataka mia moja na hamsini. Aliyefanya kazi ni huyu mwenzenu, huyu mwalimu. Ana saa mia mbili sitini na saba."

"Kwa siku ishirini na sita? Saa zaidi ya kumi kila siku? Hukujiuliza huyu mtu alikuwa analala lini?"

"Si kazi yangu kujua watu wanalala lini, mama."

Mkoba ukadondoka. Hakuuokota. Alikuwa na saa mia moja sabini na moja, alizijua kama anavyovijua vidole vyake, maana mtu anayeishi kwa kuhesabu mishono hapotezi hesabu ya saa. Akauliza, na safari hii sauti ilimtoka nyembamba, kosa kama lile linarekebishwa vipi.

"Nahodha aliyeandika akanushe. Au aliyetia sahihi kwenye hiyo mistari akanushe. Kwa maandishi, si kwa mdomo." Karani akafunga daftari. "Na kama unalenga ile nafasi ya boti ya mafunzo, maombi yanafungwa Ijumaa saa sita mchana."

Ilikuwa Jumatatu.

Mama huyo bandari nzima humwita Fundi na kuishia hapo. Mafundi wako wengi, wa injini, wa rangi, wa mbao, lakini ukisema Fundi tu, hakuna atakayekuuliza yupi. Anashona matanga. Karakana yake ni chumba kirefu chenye sakafu ya mbao iliyong'arishwa na magoti yake mwenyewe, kwa sababu tanga kubwa halishonwi mezani. Linatandazwa chini, na anayelishona analifuata kwa magoti. Hata cherehani imezamishwa kwenye shimo katikati ya chumba, uso wake ukawa sawasawa na sakafu, na Fundi huketi ndani ya shimo hilo kiuno kizima kimepotea, hivyo mgeni akiingia ghafla hudhani kaona mtu aliyekatwa nusu. Sehemu nene, pembeni na kwenye upindo, cherehani haiziwezi. Hizo hushonwa kwa mkono. Huvaa kiganjani kipande cha ngozi chenye kisahani cha chuma cha kusukumia sindano, anaupaka uzi nta, anasukuma, anavuta, anasukuma.

Watu hudhani tanga ni shuka kubwa tu. Fundi huchukia kusikia hivyo. Shuka imelala. Tanga lina tumbo, na tumbo hilo linakatwa kwenye kitambaa kabla upepo haujaliona, vipande kwa vipande, kila kimoja kimepindwa kidogo ukingoni. Ukikosea kwa upana wa kucha, mashua inakwenda kama inayochechemea.

Miaka ishirini na mbili ya kusukuma na kuvuta ilimlipa kwa dole gumba la kulia lililovimba kwenye kiungo kama limeng'atwa na nyuki asiyeondoka. Hospitali walimwambia kiungo kimekwisha kulika, ana mwaka mmoja wa kushona, labda miwili akijihurumia. Kwa hiyo ile boti ya mafunzo, inayowafundisha vijana kusafiri kwa tanga, haikuwa tamaa kwake. Walitaka nahodha msaidizi mwenye cheti. Fundi alikuwa na mwaka mmoja wa dole gumba na binti wa kidato cha tatu.

Na safari yenyewe ilizaliwa palepale karakanani, siku za Jumamosi, marafiki wanapokuja kukaa juu ya marobota ya vitambaa na kumzuia kazi. Wa kwanza alikuwa Daktari, daktari wa meno, mwenye mashua ya mita kumi na mbili iliyokaa gatini miaka minne kama kabati la sebuleni. Wa pili Mwalimu, anayefundisha jiografia, anayejua kila mkondo wa bahari kwenye ramani na hajawahi kuvuka hata mmoja, saa zake zote za usukani ni za ndani ya ghuba. Wa tatu Shemeji, fundi umeme, aliyemuoa mdogo wake Fundi na kuziunganisha taa za mashua ile mara tatu, na mara zote tatu zikazimika.

"Tuvuke," Daktari alisema Jumamosi moja. "Watoto wamekua, tunangoja nini?"

"Tunangoja taa," Mwalimu akasema, na Shemeji akamtupia kibonge cha nta.

Matanga ya zamani yalikuwa yameoza. Fundi alikubali kushona mapya, yote, miezi minne ya magoti, bila ujira. Sharti lake lilikuwa moja. "Siendi kama mzigo. Nataka zamu, sawa na nyinyi."

"Zamu utapata mpaka uzichoke," Daktari akamjibu, na wakapeana mikono mbele ya mashahidi wawili.

Zamu akapata kweli. Saa tatu usukanini, saa tisa za kupumzika, halafu tena. Siku za mwanzo alishangaa jinsi bahari ilivyokosa mahali pa kutazama, maji upande huu, maji upande ule, na katikati yao bakuli moja la anga ambalo wao walikuwa wanalisukuma bila kuufikia ukingo wake. Alijifunza kuusikia upepo kwa sikio la kushoto. Alijifunza kwamba usukani ukiukaba unakukaba na wewe, ukiulegezea mashua inajiendea yenyewe mahali inapotaka, na kwamba tanga alilolishona yeye lilikuwa linamwambia kila kitu, likitikisika ukingoni ujue umeuelekea upepo mno, likinyamaza ujue hapo hapo.

Daftari lilikaa chini, kwenye meza ndogo kando ya jiko, maana juu lingelowa. Basi utaratibu ukawa huu, na hakuna aliyeuona kuwa na ubaya: anayemaliza zamu anainama kwenye mlango wa chumba cha chini na kupaza sauti, saa ngapi, upepo wa wapi, dira inasema nini, na Daktari kule chini anaandika. Wengine wasiguse.

"Kwa nini wewe tu?" Shemeji aliuliza.

"Kwa sababu mwandiko wangu ndio unaosomeka."

Daktari kusema hivyo, walicheka siku mbili. Ndiyo sababu hakuna aliyekwenda kuusoma.

Kila jioni alilipitisha daftari litiwe sahihi. Mwalimu, aliyelala siku kumi za mwanzo akiikumbatia ndoo, alitia sahihi chalichali pale alipoonyeshwa kidole. Siku ya kwanza Fundi aliponyoosha mkono naye, Daktari alilivuta daftari pembeni. "Wewe mikono ina nta, utanichafulia kurasa. Wewe jina lako nalijua." Fundi akaitazama mikono yake, akaona ni kweli ina nta, akairudisha.

Hilo la nta ndilo lililokuwa linamchemsha damu alipotoka ofisi ya leseni Jumatatu ile. Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kliniki, miguu ikimtangulia.

Chumba cha kungojea kilikuwa na wagonjwa watatu, kila mmoja kashika shavu lake. Akawapita. Ndani, Daktari alikuwa ameinama juu ya mzee mmoja mwenye mdomo wazi na pamba ndani yake.

"Fundi, karibu. Jino gani?"

"Meno yangu yapo yote thelathini na mawili. Nimefuata saa zangu."

Daktari hakuuliza saa zipi. Aliweka chini kile chuma alichoshika, polepole, akavuta barakoa mpaka kidevuni. "Nilikuwa nataka kukueleza."

"Nieleze."

"Ile fomu ya kuondokea. Inataka kila anayeshika zamu peke yake awe na saa mia za nyuma. Wenzio walikuwa na zao za ghubani, wewe hukuwa nazo hata moja. Ningekuandika baharia wangetuzuia gatini, au wangetaka kila zamu yako nikae na wewe, na mimi ningelala lini? Nikaona nikuandike abiria, twende zetu. Na abiria hawezi kuonekana kwenye daftari kashika usukani. Ikabidi zamu zako nizipe jina lingine. Ni karatasi tu, Fundi."

"Ni karatasi tu." Fundi akageuka ukutani, palipotundikwa shahada ya Daktari kwenye fremu ya dhahabu. "Basi nishushie ile pale nikawashie jiko. Nayo karatasi tu."

Mzee wa kwenye kiti akatoa mlio puani.

"Uliogopa wasitufungulie bandari, sawa," Fundi aliendelea. "Kwangu mimi uliogopa nini? Mbona hukuniambia?"

"Ungekataa kwenda."

"Ningekataa. Na matanga ningekataa."

Daktari akaanza kupanga vyuma vyake kwenye sinia, kimoja kimoja, ingawa vilikuwa vimekwisha kupangwa.

"Ndiyo maana hukuniambia," Fundi akasema. "Ulihesabu. Ulikaa na kalamu yako ukahesabu, huyu tukimwambia ukweli tutakosa matanga, tusipomwambia tutapata na matanga na mtu wa zamu. Kisha ukaniambia mikono yangu ina nta."

"Mikono ilikuwa na nta kweli."

"Nta ya matanga yako."

"Sikiliza." Daktari alishusha sauti, akasahau kwamba mzee yule alikuwa na masikio. "Nikienda kusema leo, wananinyang'anya leseni ya unahodha. Mwakani tutavuka tena. Nitakuandika vizuri, kila saa, utalitia sahihi mwenyewe."

Fundi alinyanyua mkono wa kulia, akamwekea dole gumba mbele ya taa yake ya kumulikia meno. "Wewe ni daktari. Litazame hili, uniambie mwakani litakuwa linashika nini."

Akalitazama, kisha akatazama pembeni.

"Sisi ni marafiki, Fundi. Miaka kumi na minane."

"Usinitajie urafiki. Ungekuwa adui yangu ningekuwa nimelisoma daftari."

Mzee alijaribu kusema kitu kupitia ile pamba.

"Wewe tulia, una pamba mdomoni," Daktari akamkemea.

Mzee akatulia. Ila alimfuata Fundi kwa macho mpaka mlangoni, na kabla hajatoka alimnyooshea kidole gumba, kizima, kisichovimba.

Jumanne akamwendea Shemeji, akamkuta sebuleni kafungua feni vipande vipande, na mdogo wake Fundi kasimama juu yake.

"Mimi mambo ya karatasi siyajui, shemeji. Mimi ni mtu wa waya."

"Uliniona nikishika usukani au hukuniona?"

"Nilikuona. Kila siku ulinipokea zamu, na kila siku ulichelewa dakika mbili."

"Basi kayaseme hayo," mkewe akadakia. "Hizo mbili zitoe, useme yaliyobaki. Na usirudi hapa kabla hujayasema, hiyo feni nitaimalizia mimi."

Shemeji akaenda, wala hakuchukia, akavaa hata viatu vya kamba. Karani alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwonyesha kwamba sahihi yake haimo kwenye mistari ile. Sahihi iliyomo ni ya Mwalimu. Nenda kamlete Mwalimu.

Na Mwalimu alikuwa hapatikani. Simu iliita mpaka ikachoka. Fundi alipokwenda kwake Jumanne jioni mkewe alisema katoka, huku viatu vyake vikiwa mlangoni vyote, hata vya mvua. Jumatano hakukuwa na jipya. Fundi alirudi shimoni kwake akashona upindo ambao haukuwa na haraka, na kila aliposukuma sindano aliwaza kwamba mtu yule ni yeye aliyemsafishia ndoo kwa mikono yake siku kumi, akamwaga baharini, akasuuza, akamrudishia. Kwa hasira alijichoma mara mbili, jambo ambalo halikuwahi kumtokea tangu ajifunze kazi.

Jioni hiyo binti yake aliketi ukingoni mwa shimo, miguu ikining'inia, akifanya hesabu zake.

"Mama, kesho asubuhi Mwalimu anasimulia tena ile safari. Darasa letu alitusimulia wiki iliyopita, sasa ni ukumbini, shule nzima."

"Anasimulia nini?"

"Yote. Samaki wanaoruka, ndoo yake, tulicheka sana. Na ile siku tanga lilipochanika, alivyoshika usukani saa tano peke yake." Binti akainua uso. "Mbona umeiacha sindano? Si wewe uliniambia ni wewe? Mimi nikadhani labda mlipokezana."

"Kesho saa ngapi?"

"Mama, usije. Nakuomba. Wenzangu wote watakuwepo."

"Saa ngapi?"

Alikwenda na nguo za kazi, uzi umemganda begani, akasimama mlango wa nyuma wa ukumbi. Mbele kulikuwa na ramani kubwa yenye mstari mwekundu kutoka pwani hii mpaka pwani ile, na Mwalimu kando yake, kavaa tai, fimbo mkononi. Na ukweli usemwe, mtu yule ana kipaji. Aliyumba kama mashua inavyoyumba. Aliigiza ndoo. Alisema siku kumi nzima za mwanzo hakuona jua kwa macho yake, alilisikia tu likisimuliwa, na watoto mia tatu wakaangua kicheko, hata Fundi midomo ikamcheza.

Kisha akashusha sauti. Akasema, siku ya tisa upepo uligeuka. Mawimbi yalikuja kutoka nyuma kama nyumba zinazotembea. Tanga kuu likachanika kutoka ukingo mpaka katikati, kwa mlio wa bunduki. Daktari na Shemeji wakapanda juu kulishusha, wamejifunga kamba. "Na mimi nikashika usukani," alisema, mikono yote miwili imekamata hewa. "Saa tano. Ukiliacha wimbi likupige ubavuni, mashua inapinduka. Ni lazima uligeuzie mgongo, kila moja, na hujui linalofuata ni kubwa kiasi gani, unalisikia tu linavyovuta pumzi."

Kulisikia wimbi linavuta pumzi. Maneno yale yalikuwa yake, Fundi, alimwambia Mwalimu siku ya kumi na moja, Mwalimu alipopata nguvu ya kukaa kitako na kuomba ahadithiwe. Mtu kukuchukulia saa zako kwa karatasi ni jambo moja. Huyu alikuwa amechukua mpaka hofu yake, kaivaa na tai juu.

Muda wa maswali ulifika. Mmoja aliuliza wanakwenda wapi haja. Mwingine aliuliza kama papa walikuwepo. Halafu mtoto mmoja mdogo wa kidato cha kwanza, miwani imemshuka puani, alisimama safu ya tatu. Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anataka kuelewa tu, na kwenye daftari lake alikuwa ameandika tarehe zote.

"Mwalimu, umesema uliumwa siku kumi za mwanzo, hukuliona hata jua. Tanga lilichanika siku ya tisa. Sasa siku ya tisa ulikuwa kwenye ndoo au kwenye usukani?"

Ukumbi ukalipuka. Mwalimu naye akacheka, kwa kuchelewa, akasema labda ilikuwa siku ya kumi na tisa. Mtoto akasema, lakini siku ya kumi na tisa umesema hakukuwa na upepo kabisa, mlioga baharini. Mwalimu akafungua mdomo. Akaenda kwenye ramani, akaugusa mstari mwekundu kwa fimbo kana kwamba utamjibu. Akageuka kuwatazama watoto, na macho yake yakapita juu ya vichwa vyao, yakafika mlango wa nyuma.

Fundi hakumsaidia. Hakutikisa kichwa, hakukunja uso, alisimama tu na uzi wake begani. Kule katikati binti yake alikuwa amejifunika uso kwa viganja, anachungulia kati ya vidole.

Mwalimu alivua miwani yake, akaifuta kwa tai. "Kaa chini, mwanangu, umehesabu vizuri," alisema. Sauti ya hadithi ilikuwa imemtoka, ikabaki ya mtu aliyechoka. "Nilikuwa kwenye ndoo. Aliyeshika usukani ni yule mama pale mlangoni. Na matanga yote aliyashona yeye."

Vichwa mia tatu vikageuka. Mtu akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, na makofi yakawa makubwa mpaka mabati yakaitikia. Fundi alitembea katikati yao hadi mbele, akanyanyua mkono, wakanyamaza.

"Makofi siyataki," alisema. "Makofi hayaingii kwenye faili." Akamgeukia Mwalimu. "Andika."

"Fundi, hapa? Twende ofisini kwangu, tutaongea kama watu wazima."

"Nimekupigia simu siku mbili kama mtu mzima. Nimeviona viatu vyako mlangoni kama mtu mzima. Uongo umesema hapa, mbele ya watoto. Ukweli utauandikia hapahapa."

Yule mtoto wa miwani alichana karatasi katikati ya daftari lake, akaileta bila kuambiwa.

Mwalimu aliandika. Alinong'ona huku anaandika, na mstari wa mbele walimsikia: kwamba Daktari alimwonyesha pa kutia sahihi, kwamba alidhani ni utaratibu, kwamba alipojua walikuwa wamekwisha kufika, na kwamba hadithi ilianza ndogo nyumbani kwake ikakua yenyewe. Fundi akamwambia hayo si ya kuandika, aandike saa tu. Akaandika saa. Akatia sahihi, safari hii ameketi.

Ijumaa saa nne asubuhi Daktari aliitwa ofisi ya leseni. Alikuja na koti lake jeupe, akaketi kwenye benchi lilelile, na walikaa pale wawili, yeye mwisho huu, Fundi mwisho ule, nafasi ya watu watatu katikati. Hakuna aliyeijaza. Mkuu wa ofisi alimsomea karatasi ya Mwalimu, akamuuliza ni kweli au si kweli. Daktari alimtazama Fundi, labda akitegemea kwamba atasema neno, atasema basi, yaishe. Fundi alikuwa anatazama saa ya ukutani.

"Ni kweli," Daktari akasema.

Mkuu wa ofisi akasema kosa ni la nahodha, aliyepangiwa zamu hana kosa, na saa zilizothibitishwa ni saa halali. Leseni ya Daktari aliiweka kwenye droo, akasema aje kuiulizia baada ya mwaka. Droo ikafungwa. Daktari akasimama, akapiga hatua kuelekea mlangoni, akarudi nusu.

"Umefurahi sasa?"

"Sijafurahi," Fundi akamjibu. "Kwa nini nifurahi? Nimeshinda wiki nzima nikiomba kilicho changu."

Alitaka kusema zaidi, alikuwa nayo mengi, tangu ile Jumamosi ya kupeana mikono. Lakini saa ya ukutani ilikuwa inakwenda, na karani alikuwa tayari ameshachomoa cheti kipya, anakijaza kwa herufi kubwa. Jina. Tarehe ya kuzaliwa. Umbali. Daktari akatoka. Karani akapuliza wino, akagonga muhuri, akakisukuma cheti juu ya kaunta pamoja na tabasamu.

Fundi hakukichukua. Alikisoma kutoka juu, taratibu, kidole kikitembea chini ya kila mstari, mpaka kikafika penye saa za usukani na kusimama.

"Umeandika mia moja na sabini."

"Nimekata ile moja, mama, kuweka namba nzuri. Cheti kinataka mia na hamsini, umeshavuka. Moja hiyo ina tofauti gani?"

Fundi alimtazama mpaka tabasamu likamwisha. Kisha akakirudisha cheti upande wa pili wa kaunta, kwa dole gumba lile lile.

"Andika kingine," alisema. "Nangoja."